Siku sita za mwisho Lisbon: kupumzika au kupoteza nauli?

"Shikamoo. Nina duka la vitambaa Tanga, na kwa miaka mitatu nimeweka akiba ili mimi na binamu yangu tuzunguke Ulaya na mabegi ya mgongoni mwezi wa tisa. Tunaingia Vienna tarehe 2 Septemba asubuhi. Vienna tunalala siku 3, Prague 3, Berlin 3, Amsterdam 2, Paris 3, Barcelona 3, Madrid 2, na usiku mwingine 2 tutalala ndani ya basi njiani. Zinabaki siku 6 kabla ya kupanda ndege tarehe 29 mchana. Mimi nataka zote tukae Lisbon, tutulie. Binamu anasema huko ni kutupa hela, tuzigawe Sevilla, Lisbon na Porto, mbili mbili, maana hatuendi Ulaya kulala. Jamaa anayetujazia fomu za viza ameshatutafutia miadi ubalozi wa Austria kwa sababu ndiko tunakoingilia, na anasema tuombe siku 27. Nani yuko sahihi? Na tukiishiwa nguvu au tukiugua huko mwishoni, tufanye nini?"

Marahaba, mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, maana ni maswali matatu yaliyofungwa fundo moja: kama kupumzika mwishoni ni kupoteza hela, kama viza yenu imepangwa sawasawa, na kama mwili utawaangusha mkiwa mbali na nyumbani. Nimepanga safari za mabegi ya mgongoni kwa muda mrefu, na karibu kila anayeniandikia huanza kunieleza mji wa kwanza. Wewe umeanzia wa mwisho. Ndipo pa kuanzia, kwa sababu hizo siku sita ndizo zinazoamua mambo mengi yaliyo nyuma yake, hata ubalozi wa kuuendea.

Nianze na hapo, kwa kuwa viza ndiyo isiyosubiri. Jamaa wa fomu amekosea, na kosa lake ni la watu wengi: kwamba viza ya Schengen, ile moja ya kutembelea nchi nyingi za Ulaya, huombwa kwa nchi unayoingilia. Sivyo. Kama safari yote ni ya matembezi, ombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi kuliko nyingine. Nchi ya kuingilia hutazamwa pale tu siku zinapolingana. Sasa hesabu mwenyewe. Austria mnalala siku tatu, Czech tatu, Ujerumani tatu, Uholanzi mbili, Ufaransa tatu. Hispania ni tano, ukijumlisha Barcelona na Madrid. Ureno, kwa mpango wako, ni sita. Kwa hiyo ombi lako ni la Ureno. Tukifuata mpango wa binamu, Sevilla inaiongezea Hispania siku mbili ziwe saba, na Ureno inabaki na nne za Lisbon na Porto, basi ombi linakuwa la Hispania. Katika mipango yote miwili, Austria haimo. Afisa akipokea ratiba yenye siku tatu za Austria kati ya karibu mwezi mzima, ana haki ya kuwaambia hapa sipo, nanyi mtakuwa mmeshapoteza wiki kadhaa za kungojea miadi.

Msijaribu kuikwepa kanuni hiyo kwa kuandika hoteli za Vienna ambazo hamtalala. Najua wapo wanaoshauri hivyo. Mpakani mnaweza kuulizwa mnalala wapi na kwa siku ngapi, na viza iliyopatikana kwa maelezo ya uongo inaweza kufutwa palepale. Tena si kila nchi ya Schengen inapokea maombi kwa jina lake katika kila mji mkuu. Nyingine huwakilishwa na jirani zake. Kwa hiyo kabla ya kuomba miadi mpya, uliza kwanza ni nani anayepokea maombi ya Ureno kwa mkazi wa Tanzania, na uulize ubalozini, si kwa jamaa wa fomu.

Kosa lake la pili ni dogo kwa macho, ila ndilo linaloweza kuwaletea aibu uwanja wa ndege. Amehesabu usiku. Schengen huhesabu siku, na siku ya kuingia ni siku nzima, ya kutoka nayo ni siku nzima, hata kama umetua saa tano usiku au umeondoka alfajiri. Kutoka tarehe 2 hadi tarehe 29, zote mbili zikiwemo, ni siku 28. Mkipewa 27, tarehe 29 mtakuwa mmezidisha. Ombeni 28, na kama tiketi inaweza kubadilika, ombeni siku moja au mbili za ziada na mseme wazi kuwa ni kwa ajili ya ndege kuchelewa.

Stika ya viza ikitoka, isome polepole. Utaona tarehe ya kuanza na tarehe ya mwisho, halafu pembeni idadi ya siku. Mara nyingi tarehe ya mwisho huwekwa mbele kwa siku kumi na tano za ahueni, kwa hiyo unaweza kuona viza inaishia katikati ya Oktoba huku siku zilizoandikwa ni 28. Anayeangalia tarehe peke yake hudhani amepewa wiki mbili za bure. Hakupewa. Ni dirisha la kuteleza tu, ikiwa safari itaanza kwa kuchelewa. Siku zenyewe ni zile 28. Na kile kipimo cha siku 90 ndani ya siku 180 kinachotajwa kila mahali ni dari ya juu kabisa. Hakikuongezei hata siku moja juu ya zile zilizo kwenye stika yako. Zamani mtu aliweza kubahatisha kwamba muhuri hautasomeka; tangu 12 Oktoba 2025 nchi hizo zimeanza kuandikisha wageni kwa alama za vidole na picha ya uso, na kompyuta ndiyo inayohesabu. Yaliyobaki ya viza ni mepesi: ada ya mtu mzima ni euro 90, ombi halipokelewi zaidi ya miezi sita kabla ya safari wala chini ya siku 15, na bima ya safari lazima ifunike angalau euro 30,000 za matibabu kwa siku zote mtakazokuwa huko. Siku za kupumzika Lisbon nazo ni siku. Nimeona watu wakinunua bima ya siku za "kuzunguka" tu.

Sasa tuje kwa binamu. Anachosema kina mantiki ya mtu anayejua thamani ya shilingi: umelipa nauli ya mbali, mbona ukalale? Ni kama kwenda harusini ukashinda jikoni. Lakini hesabu yake inaacha kitu kimoja nje, nacho ni gharama ya kuhama.

Chukua siku moja tu ya kuhama kutoka Lisbon kwenda Porto, kwa mfano. Treni yenyewe ni takriban saa tatu, na kwa kusikia hivyo unadhani umepoteza saa tatu. Anza mwanzo. Umeamka mapema kufunga begi, kwa sababu hosteli inataka chumba kiwe wazi kabla ya adhuhuri. Umeketi juu ya begi ili zipu ifungike. Umetafuta chaja ya simu chini ya kitanda. Umebeba kilo kumi na nne kupanda ngazi za stesheni, umenunua chai ya stesheni kwa bei ya stesheni, umefika kule saa saba mchana na chumba hakijawa tayari mpaka saa tisa, kwa hiyo unaacha begi mapokezi na kutangatanga na jasho lako. Unapoingia chumbani, unachotaka ni kuoga na kulala, na ni saa kumi. Siku imekwisha. Katika siku mbili za Porto, moja imeliwa na kuhama. Mpango wa siku sita kwa miji mitatu ni mihamo mitatu, na hiyo ni nusu ya siku zenu.

Halafu kuna usingizi, ambao ndio kiini cha jambo. Umewahi kulala ugenini ukastuka kila mlango unapolia? Si woga. Watafiti wa usingizi waliopima ubongo wa watu waliolala mahali pageni waliona, katika matokeo yaliyotoka 2016, kwamba usiku wa kwanza upande mmoja wa ubongo hulala usingizi mwepesi zaidi kuliko mwingine, na unazindukia sauti ngeni upesi. Mwili unaweka mlinzi. Usiku wa pili hali hutulia. Sasa rudi kwenye ratiba yenu: mkitoka Madrid mtakuwa mmekwisha kulala usiku wa kwanza mara saba, na usiku mwingine mbili ndani ya basi ambamo hakuna anayelala. Hizo ni usiku tisa kati ya ishirini na moja ambazo mlinzi alikuwa macho. Deni la usingizi halilipwi kwa kahawa. Linalipwa kwa kulala kitanda kilekile, siku kadhaa mfululizo, kwa saa zilezile. Na ni usingizini ndiko ubongo unakopanga na kuhifadhi uliyoyaona mchana. Kwa hiyo anayekimbia miji kumi bila kulala vizuri anapunguza hata ile miji aliyokwisha kuilipia.

Liko jambo lingine ninalolitegemea sana ninapopanga. Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwataka watu watumbukize mkono kwenye maji baridi ya nyuzi 14, mara moja kwa sekunde 60, na mara nyingine kwa sekunde 60 hizohizo zikifuatiwa na 30 zaidi ambapo maji yalipashwa kidogo kidogo hadi nyuzi 15. Kisha wakaulizwa: mara ya tatu, turudie ipi? Wengi walichagua ile ndefu, ingawa ina maumivu mengi zaidi, kwa sababu iliisha vyema kidogo. Kumbukumbu hailipi kwa saa. Hushika kilele cha jambo na mwisho wake, na yaliyopita katikati huyapa uzito mdogo. Sisemi kwamba mwisho mzuri utaisafisha safari mbovu, haufanyi hivyo. Lakini safari nzuri yenye mwisho wa kukimbizana utaikumbuka kama kukimbizana.

Nililipata hilo kwa safari yangu ya kwanza, kabla sijajua lolote katika haya. Nilikuwa na siku tano zimebaki, nikaongeza miji mitatu, na ule wa mwisho nilifika na basi la usiku lililochelewa saa nne. Leo ukiniuliza mji ule una nini, nitakueleza sakafu ya stesheni. Vigae vya rangi ya maziwa, kimoja kimevunjika pembeni, nami nimekaa juu yake nimeegemea begi, viatu nimevua kwa sababu miguu ilikuwa imevimba havinitoshi tena. Kanisa kuu lilikuwa umbali wa dakika kumi kwa miguu. Sikwenda.

Kwa nini Lisbon, basi, na si kwingine? Kwa kweli ningeweza kukuambia Porto, ambayo ni ndogo na tulivu, au Budapest kwa mtu anayemalizia upande wa mashariki na anayependa mabwawa ya maji ya moto ya ardhini. London wengi huitamani kwa kuwa wana ndugu kule, lakini Uingereza haimo Schengen. Ni viza nyingine, ada nyingine. Kwenu ninyi, mnaoshuka kutoka Madrid na mnaotaka ndege ya kurudi kupitia Dubai au Istanbul, Lisbon imekaa mahali pake. Mwishoni mwa Septemba joto la mchana ni kama nyuzi 26, jioni upepo wa bahari unashuka, na jua linazama saa moja na nusu hivi, kwa hiyo mchana ni mrefu kiasi cha kumtosha mtu aliyeamka saa nne asubuhi.

Isitoshe, kwa Mswahili, Lisbon ni mji unaojibu. Utakaa kwenye mgahawa, mhudumu atakuelekeza kwenye mesa, nawe utajua ni meza. Juu ya ngome utaona bandeira ikipepea, na ni bendera. Utaomba foronya safi hosteli, watakuletea fronha. Parafujo ni parafuso, karata ni carta, mvinyo ni vinho. Kanisa ni igreja, na neno hilohilo kwetu likaishia kuwa gereza. Wewe mwenye duka la vitambaa utafurahi na lenço, kile kitambaa cha kichwani au cha mkononi, maana ndiye mama wa leso yetu. Chukua nusu siku uende Rua da Conceição, mtaa wa Baixa unaojulikana kwa maduka ya vifaa vya mshonaji: utepe, lesi, vifungo katika visanduku vya mbao hadi darini, kimoja kimoja kimeshonewa kifungo cha mfano kwa nje ili muuzaji asihangaike kufungua. Tramu namba 28 inapita mlangoni. Naomba nione uso wako pale.

Na ukiwa na nguvu, nenda Belém, kwenye kanisa la nyumba ya watawa ya Jerónimos, lililoanza kujengwa mapema miaka ya 1500, sehemu kubwa kwa ushuru wa biashara iliyotoka Afrika na Mashariki. Ndani yake amelala Vasco da Gama, yuleyule aliyepita Mombasa na Malindi mwaka 1498, na ambaye baada yake walifuata waliojenga Fort Jesus. Kusimama mbele ya kaburi lile ukiwa mtu wa pwani si jambo la kupiga picha na kuondoka. Mimi nilikaa muda mrefu pale, na sikuwa na haraka ya kwenda popote. Ndiyo faida ya siku sita. Nyumba ile ya watawa hufungwa Jumatatu, kwa hiyo panga siku nyingine.

Kukaa, lakini, kuna namna yake. Watu hukosea mahali pa kulala. Picha zitakuonyesha Alfama, na Alfama ni nzuri, ila ni ngazi juu ya ngazi, na magurudumu ya masanduku ya watalii hugonga mawe usiku kucha. Miguu yenu itakuwa imechoka. Tafuteni Campo de Ourique, ambako ni tambarare, kuna soko, mikate, wazee wanaokunywa kahawa kwa kusimama, na tramu 28 inaishia hapo. Au Arroios, mtaa wa mchanganyiko wa watu kutoka Asia na Afrika, wenye metro na vyakula vya bei nafuu. Kama mnakula halali, Arroios na Martim Moniz hamtahangaika, na Msikiti Mkuu, uliofunguliwa 1985, uko karibu na Praça de Espanha. Mchukue chumba chenye jiko na mashine ya kufulia jengoni au mtaani. Kila siku ya kulala mji unatoza kodi ya mgeni ya euro 4 kwa kila mtu, kwa hiyo mwandike euro 24 kila mmoja wenu mapema zisiwashtue.

Siku ya kwanza fanyeni jambo moja tu: kufua. Mwageni begi lote sakafuni. Utakuta risiti ya Prague, tiketi ya tramu ya Berlin iliyokunjwa mara nne, soksi moja isiyo na mwenzake, mchanga wa Barcelona ndani ya mfuko wa pembeni. Nguo zikizunguka kwenye mashine, mkae kwenye benchi na mwandike yale mliyoyaona, mji kwa mji, kabla hayajachanganyika. Mambo ya Vienna mtakuwa mmekwisha kuyasahau nusu, na mkiulizana mtakumbushana. Sijawahi kuona dakika arobaini zenye faida kuliko hizo katika safari yoyote.

Mchana kuleni chakula kikuu, jioni kidogo. Migahawa midogo huandika chakula cha siku kwenye karatasi mlangoni, supu na sahani kwa bei moja, saa sita hadi saa tisa. Kuku wa kuchoma na pilipili wanamwita frango piri-piri, na jina hilo halihitaji kuelezwa kwa mtu wa Tanga. Angalieni supu ya kijani iitwayo caldo verde, kwa kawaida huwekwa kipande cha soseji ya nguruwe. Na jueni hili: mkikaa, mnaletewa mkate, zeituni na jibini bila kuagiza. Si zawadi. Mkigusa mnalipa, msipogusa hamlipi. Mrudishieni kwa heshima, hakuna atakayenuna. Maji ya bomba ni salama. Mawe ya njiani ni ya chokaa, yamesuguliwa na miguu ya miaka mingi, mvua ikinyesha yanateleza kama sabuni, kwa hiyo viatu vyenye soli iliyoisha viacheni Madrid.

Mkitaka bahari, kuna treni ya Cascais kutoka Cais do Sodré, kama dakika arobaini. Mkitaka kuhisi nyumbani, pandeni kivuko cha Cacilhas pembeni ya hapo, dakika kumi hivi juu ya maji, watu wakitoka kazini na mifuko yao ya mboga, kama pantoni ya Kigamboni. Kaeni ng'ambo mkiutazama mji unawasha taa.

Binamu hana kosa kwa kila kitu. Siku sita bila mpango wowote humchosha mtu asiyezoea kutulia, na wawili waliobanana chumba kimoja kwa wiki tatu wanaweza kuanza kugombana kwa jambo la taulo. Kwa hiyo mpeni yeye siku moja ya kuamua. Sintra iko dakika arobaini kwa treni kutoka Rossio, ina majumba na misitu, na inaweza kumshibisha. Kama moyo wake uko Porto kabisa, aende peke yake usiku mmoja, arudi kesho yake, nawe ubaki. Begi kubwa aliache. Si lazima mlale kila siku mji mmoja ili muwe mmesafiri pamoja. Isipokuwa Sevilla. Hiyo ningeitoa, kwa kuwa inawazungusha nje ya njia na kula siku mbili za kuhama.

Kutoka Madrid kuja Lisbon msitegemee treni ya moja kwa moja. Ile ya usiku ilisimama 2020, na mchana ni kubadilisha treni njiani. Iko ndege ya saa moja na kidogo, au basi la saa kama nane. Basi likiwa la mchana, sawa. La usiku msilipande. Kuanza mapumziko kwa kukesha ni kuanza kwa deni. Lisbon saa iko nyuma ya Madrid kwa saa moja, na hiyo nayo ni saa ya ziada ya kulala.

Kuhusu kuugua, nisikilize vizuri hapa. Uchovu wa kawaida huondoka kwa usingizi wa siku mbili tatu. Mafua, koo kukwaruza, miguu kuvimba yote miwili na kupungua ukiinyanyua, hayo ni ya kupumzika nayo. Lakini mmetoka Tanga. Malaria ile kali huweza kujitokeza siku saba hadi mwezi mzima baada ya kuumwa na mbu, kwa hiyo homa ya tarehe 20 Septemba inaweza kuwa mmeibeba kutoka nyumbani. Daktari wa Ulaya akiona msichana mwenye homa na mwili kuuma, atawaza mafua, kwa sababu ndiyo anayoyaona kila siku. Mwambie kwa mdomo wako, neno la kwanza kabla ya mengine yote: nimetoka Tanzania tarehe 1, nipimeni malaria. Usinywe panadol ukalala ukisema ni uchovu. Homa yoyote inayopanda, nenda siku hiyohiyo. Nenda pia haraka kama mguu mmoja peke yake umevimba na unauma kwenye shavu la mguu baada ya safari ndefu ya basi, na kama kifua kinabana au pumzi inakata, msitembee. Pigeni 112, namba ya dharura ya Ulaya yote. Kwa ushauri usio wa dharura Ureno ina simu ya afya, 808 24 24 24. Mpigieni na wa bima mapema, kabla ya kulipa, mkihifadhi kila risiti. Na ikiwa daktari atasema hamwezi kuruka tarehe 29, nendeni idara ya uhamiaji na cheti chake kabla siku za viza hazijaisha. Kanuni za viza zinaruhusu kuongezewa siku kwa sababu kama hiyo, bila ada, lakini ni kwa anayeomba kabla, si anayejieleza baada.

Siku ya mwisho fikeni uwanjani mapema, saa tatu kabla au zaidi, maana foleni ya pasipoti Lisbon huwa ndefu. Uwanja uko ndani ya mji na metro inafika mlangoni, kwa hiyo hata asubuhi hiyo mnaweza kunywa kahawa mtaani kwenu bila wasiwasi.

Kilichobaki ni cha wiki hii. Kaa na binamu usiku mmoja, mkate shauri: Lisbon sita, au mpango wake. Mkiafikiana Lisbon, ulizeni Ureno. Akishikilia Sevilla, ulizeni Hispania. Ile miadi ya Austria, vyovyote mtakavyoamua, ifuteni kesho.